Mpangaji Asiye na Nchi: Historia na Ukimya katika Besieged

Filamu ya Besieged (1998) ya Bernardo Bertolucci, iliyotokana na hadithi fupi ya James Lasdun, inahusu watu wawili katika nyumba moja mjini Roma. Kinsky, Mwingereza mpweke apigaye piano, ndiye mwenye nyumba. Shandurai, mkimbizi kutoka Afrika, anasomea udaktari na kumfanyia usafi ili apate chumba. Mumewe Winston, mwalimu, amefungwa na utawala wa kidikteta. Kinsky anapodhihirisha mapenzi yake, Shandurai anamtaka amtoe mumewe gerezani. Tangu hapo mapambo ya nyumba, na hatimaye piano yenyewe, yanauzwa kimyakimya.

Kafara hiyo yaweza kuhakikiwa kimaadili. Kihistoria, hata hivyo, swali la msingi ni jingine: Winston amefungwa wapi? Filamu haitaji nchi. Lakini sehemu zake za Afrika zilipigwa picha nchini Kenya, na mwimbaji anayezisindikiza, J. C. Ojwang, ni Mkenya. Wakati huo Kenya ilikuwa chini ya Daniel arap Moi, na kukamatwa kwa mwalimu halikuwa jambo la kubuni. Mwaka 1982 wahadhiri kadhaa walitiwa kizuizini, akiwamo Al-Amin Mazrui, mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981). Kabla yake, Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu chake Kenya: Twendapi?

Abdalla alitoka kifungoni na Sauti ya Dhiki (1973). Mazrui akachapisha Chembe cha Moyo (1988). Katika fasihi hiyo mfungwa ana nchi, na ana hoja. Winston twamwona akikamatwa, kisha akirudi. Uhuru wake unahesabiwa kwa vitu vilivyouzwa Roma.

Historia ya Kenya ilikwenda njia nyingine. Mwezi Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, waligoma kula katika Bustani ya Uhuru, Nairobi. Walitawanywa na polisi, wakaendelea kanisani. Mwaka 1993 wengi wa wana wao waliachiliwa. Hawakumwomba mfadhili, waliidai serikali, hadharani.

Kwa kuificha nchi, filamu imempa mwenye nyumba kazi iliyofanywa na akina mama hao. Ndiyo maana kengele inayolia mwishoni ina uzito: Winston anarejea akiwa huru, lakini mlango anaosimama mbele yake ni wa mtu anayemwia deni.