Blat Inastahili Kidahizo: Neno la Kirusi na Mpaka wa Kamusi Elezo

Wahariri wa kamusi elezo wana kanuni fupi: maneno ni ya kamusi, vitu ni vya kamusi elezo. Wikipedia imeiandika katika sera zake, ikisisitiza kwamba yenyewe si kamusi. Kwa maneno ya kawaida hakuna wa kubisha. Ugomvi huzuka pale neno la lugha moja linapodaiwa kubeba utamaduni mzima, na Kirusi kina wadai wengi: toska, dusha, poshlost, sobornost, blat. Makala haya yanashikilia kwamba kanuni ni sahihi ila hutumiwa vibaya. Ikitumiwa sawasawa, blat inaingia na toska inabaki nje.

Kuhusu toska, ile huzuni nzito yenye kutamani kisichojulikana, yameandikwa mengi. Vladimir Nabokov aliieleza katika ufafanuzi wake wa Eugene Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin, uliotoka mwaka 1964. Anna Wierzbicka, katika kitabu chake cha 1992, aliiweka pamoja na dusha (roho) na sudba (majaliwa) kuwa funguo za kuuelewa utamaduni wa Kirusi. Uchambuzi wake wa maana ni makini. Kinachobishaniwa ni kuruka kutoka maana ya neno hadi tabia ya taifa. Mifano ya fasihi na mazungumzo huonyesha namna Warusi wanavyoitaja huzuni; haithibitishi kwamba huzuni yenyewe haijulikani kwingineko. Ugumu wa kutafsiri ni mzigo wa mfasiri na wa mtunga kamusi, na peke yake haulipi neno lolote haki ya kidahizo katika kamusi elezo.

Blat ni habari nyingine. Asili ya neno inabishaniwa: wapo wanaolihusisha na Kipolandi, wapo wanaotaja Kijerumani au Kiyidi, na kwa muda lilikaa katika lugha ya wahalifu. Katika Umoja wa Kisovieti likapata kazi mpya. Lilitaja njia ya kupata bidhaa au huduma adimu ya dola kupitia mtu unayefahamiana naye, kwa fadhila ambayo ingelipwa kwa fadhila siku nyingine. Aliyetoa hakutoa mali yake. Alitoa nafasi yake ghalani, dukani au hospitalini.

Mambo hayo yalionekana mitaani. Watu walisema dostat, yaani kupata kwa kuhangaika, pale ambapo mtu wa nchi nyingine angesema amenunua. Walitembea na avoska, mfuko wa nyavu uliokunjwa mfukoni, endapo bidhaa ingetokea ghafla. Muuzaji aliweza kuficha soseji nzuri chini ya kaunta kwa ajili ya daktari wa mama yake au mwalimu wa mwanawe, na hakuna aliyetaja bei ya fadhila hiyo.

Hata hivyo, ushahidi mzito zaidi unatoka kiwandani. Joseph Berliner, kwa kutegemea mahojiano ambayo mradi wa Chuo Kikuu cha Harvard ulifanya na wakimbizi wa Kisovieti mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1957 kitabu juu ya meneja na kiwanda chake. Mpango wa taifa ulimtaka meneja atimize lengo la uzalishaji. Mpango huohuo ulimgawia malighafi ambazo huenda zisifike kwa wakati. Bonasi yake ilitegemea lengo, na katika miaka ya Stalin hata usalama wake ulilitegemea. Basi alimtuma tolkach, "msukumaji", aende kwa mgavi au wizarani na zawadi, maneno matamu na majina ya watu wanaojuana, asirudi mpaka mzigo upakiwe. Katika orodha ya mishahara mtu huyo aliweza kuandikwa kwa cheo kingine kabisa. Kwa ushahidi huu, blat haikuwa doa pembeni mwa uchumi wa mipango. Ilikuwa grisi iliyouwezesha kuzunguka. Anayeeleza mipango ya miaka mitano bila kuitaja amesimulia nusu ya habari.

Itasemwa kwamba wakimbizi walikuwa na kinyongo na dola waliyoikimbia. Ni kweli, lakini nyaraka za dola hiyohiyo zinawaunga mkono. Sheila Fitzpatrick ameonyesha barua ya mwaka 1940 ambayo raia wa Novgorod alimwandikia Andrei Vyshinsky, naibu mwenyekiti wa Baraza la Makamishna wa Umma, akilalamika kwamba asiye na blat ni sawa na mtu aliyenyang'anywa haki zote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kujuana kuko kila mahali, nasi Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa. Wachina wana guanxi yao. Lakini Alena Ledeneva, katika kitabu chake cha 1998, aliitenga blat na rushwa kwa hoja thabiti: ilijengwa juu ya uhusiano wa kudumu, haikuhitaji fedha, na ilikula mali ya umma. Tena ina tarehe. Ilistawi katika upungufu na mgawo wa chakula wa kuanzia mwaka 1929, na ikabadilika sura baada ya bei kuachiwa huru tarehe 2 Januari 1992, fedha zilipogeuka kuwa ndicho kitu adimu. Ensaiklopidia ya mambo yasiyo rasmi aliyoihariri Ledeneva mwaka 2018 inaiweka kando ya guanxi bila kuzichanganya.

Kigezo kinahitajika kwa sababu wahariri hushinikizwa. Lavrenti Beria, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, alipoanguka, wanunuzi wa Ensaiklopidia Kuu ya Kisovieti walitumiwa kurasa za kuchukua nafasi ya makala yake, zikiwemo za Bahari ya Bering. Kidahizo kisitegemee upepo wa siasa wala mapenzi ya mashabiki wa "roho ya Kirusi". Kiulizwe: je, neno lina utaratibu unaoelezeka, wahusika, mabadiliko ya wakati na watafiti wanaobishana? Sobornost, yaani umoja wa kiroho, huenda ikapita kama fundisho la kidini. Poshlost, yaani ukosefu wa ladha na kina, ina shaka. Blat imepita kote. Wahariri waipe makala kamili, yenye tolkach, upungufu na mwaka 1992 ndani yake, na toska waiachie kamusi.