Nyumba Zilizohama Mikono

Ngome Kongwe ya Bagamoyo haikuanza kuwa ngome. Ilikuwa nyumba ya mtu, Abdallah Suleiman Marhabi, iliyojengwa karibu na mwaka 1860. Sultani Barghash wa Zanzibar akaiimarisha, Wajerumani wakatia askari, Waingereza wakaigeuza gereza. Palipolala familia pakalala wafungwa.

Inayonigusa zaidi ni nyumba ya Sewa Haji Paroo. Tajiri huyu, mzaliwa wa Zanzibar wa ukoo wa Kihindi, aliikusanyia misafara ya bara wapagazi, nguo na shanga. Mwaka 1896 aliikabidhi serikali ya Kijerumani nyumba yake ya ghorofa iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Akafariki mwaka uliofuata. Hadi leo Shule ya Msingi Mwambao imo humo. Wengi wetu jina lake tunalijua kwa lile jengo la Hospitali ya Muhimbili tu. Bagamoyo, watoto wanasoma ndani ya ukarimu wake.

Naamini ni watoto walioiokoa nyumba ile. Ukuta wa matumbawe na chokaa unataka mtu wa kuutazama kila masika. Paa likivuja na asiwepo wa kulaumu, maji hupenya kwenye kuta, boriti za mikoko huoza, na siku moja dari hushuka yenyewe. Boma la Wajerumani, lililojengwa 1897, lilikuwa bado ofisi za wilaya sehemu yake ilipoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Ofisi zikahama, na gofu likabaki likitazama bahari.

Lakini kutumika hakutoshi. Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981 na leo tunakiita TaSUBa, kilikuwa na ukumbi wa maonyesho uliojaa ngoma na wanafunzi kila siku. Mwaka 2002 ukateketea kwa moto. Umejengwa mwingine, mzuri, na Tamasha la Bagamoyo huujaza watu. Hata hivyo waliojifunza kucheza kwenye ule wa kwanza, ukiwauliza, huanza kwa kunyoosha mkono kuonyesha ulikoishia ukuta wake. Kisha hunyamaza kidogo, na ndipo husimulia nani alipiga msondo, nani alisahau maneno yake, na nani, usiku wa mwisho, alikuwa jukwaani.