Mimbari za Bungoma na Kitale: Nani Alimtuma Mhubiri?

Mnamo Januari 2016, Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Githu Muigai, alipendekeza kanuni ambazo zingemtaka mhubiri awe na cheti cha theolojia. Makanisa yalizipinga vikali, zikaondolewa. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ikafukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, na swali la nani astahiliye kushika mimbari likarudi likiwa na machozi. Kuanzia Bungoma hadi Kitale, magharibi mwa Kenya, watu wamekuwa wakilijibu swali hilo tangu zama za wakoloni, na majibu yao hayajawahi kuwa mamoja.

Wamisionari wa Kanisa la Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902. Misheni yao ilijiita ya viwanda, kwa hiyo mwongofu alijifunza kazi za mikono sambamba na Biblia. Baadaye Lugulu ikawa kituo chao kikubwa katika nchi ya Wabukusu. Chuo chao cha Biblia kilianza mwaka 1942, miaka 40 baada ya misheni yenyewe. Kabla ya hapo injili ilibebwa na walimu wa vijijini ambao elimu yao ilikuwa kusoma, kukariri na kumfuata aliyewatangulia. Nawaheshimu sana watu hao. Bila wao makanisa tunayoyaona leo yasingekuwapo.

Elijah Masinde wa Kimilili alilelewa katika kanisa hilohilo. Alikuwa mcheza kandanda hodari, akaichezea Kenya katika Kombe la Gossage, kisha akatengwa na kanisa kwa kuoa mke wa pili. Akaanzisha Dini ya Msambwa, akiwaita watu wamrudie Wele, Mungu wa Wabukusu, na mababu, na kuwataka wazungu waondoke. Mwaka 1945 serikali ilimfunga, kisha ikamweka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipotoka mwaka 1947 aliongoza mkutano Chetambe, kwenye ngome ambako Wabukusu waliuawa kwa bunduki za Waingereza mwaka 1895. Hapo ndipo naona nguvu yake ilipokuwa: aliwapa wafu hao maombolezo ya hadharani. Februari 1948 polisi waliua watu 11 Malakisi, dini ikapigwa marufuku, naye akapelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo imani yake ilikwisha kuenea miongoni mwa vibarua wa mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, kisha ikafika kwa Wapokot.

Uhuru haukumpa utulivu. Dini ya Msambwa iliandikishwa mwaka 1964, ikapigwa marufuku tena mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987.

Eliud Wabukala alipita njia nyingine kabisa. Alianza kama mwalimu, akasomea uchungaji katika Chuo cha St Paul's, Limuru, akawa askofu wa Kianglikana wa Bungoma mwaka 1996, na mwaka 2009 akachaguliwa Askofu Mkuu wa Kenya. Chuo hicho, kilichoanzia Frere Town, Mombasa, mwaka 1903, kinaonyesha jinsi mafunzo ya pamoja yanavyompa mchungaji wenzake wa kumkosoa. Hilo Masinde hakuwa nalo, na naamini lilimgharimu.

Lakini cheti peke yake hakitoshi katika nchi hii. Mwanafunzi wa uchungaji atakayetumwa Bungoma au Kitale ningemtaka apelekwe kwanza Chetambe na Malakisi, akaketi na wazee, aulize nani alizikwa wapi na nani aliwaombea, ndipo aandike mahubiri yake ya kwanza.