Kivuli cha Lwanda Magere: Msomaji na Tamthilia Mpya katika Ufuo wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Historia ya tamthilia nchini Kenya imezoeleka kuandikwa kwa kuanzia Nairobi na viunga vyake: Jumba la Kitaifa la Maigizo lililofunguliwa mwaka 1952, Chuo Kikuu cha Nairobi na maigizo yake ya kusafiri ya miaka ya 1970, kisha Kamiriithu, ambako Ngaahika Ndeenda ilinyimwa leseni mwaka 1977. Katika masimulizi hayo Kisumu hutajwa kwa nadra, na inapotajwa huchukuliwa kuwa kituo cha kupitia tu. Mtazamo huo una kasoro. Unahesabu majumba na watunzi, lakini hauhesabu wasomaji. Ufuo wa Ziwa Victoria umelea msomaji mwenye shauku kubwa ya tamthilia mpya, na shauku hiyo imekuwa na historia yake. Makala haya yanachunguza mahali alikozipata tamthilia hizo, namna mazingira yake yalivyomfunza kuzisoma, na mamlaka yaliyoweza kumnyima. Mfano mkuu ni Lwanda Magere ya Okoiti Omtatah (1991).

Msomaji huyu alitoka wapi?

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na Shule ya Maseno ilipoanzishwa mwaka 1906, kulianza kujengeka tabaka la watu walioishi kwa kusoma na kuandika. Kisha kukaja Ramogi Press, mtambo wa kuchapisha uliotokana na juhudi za Shirika la Luo Thrift lililoongozwa na Oginga Odinga. Katika miaka ya 1980 Asenath Bole Odaga aliendesha mjini Kisumu kampuni ya uchapishaji ya Lake Publishers, huku akikusanya na kuchapisha ngano za Waluo. Grace Ogot naye alitoa Miaha kwa Kidholuo mwaka 1983. Hivyo basi, msomaji wa ufuo huu alizoea mapema kuona simulizi ya nyanya yake ikigeuka kitabu.

Tamthilia zilimfikia kwa njia mbili zisizofanana. Njia ya kwanza ni vitabu teule vya shule za sekondari. Kitabu cha namna hiyo husomwa na maelfu kwa miaka kadhaa, hurudiwa mstari kwa mstari, na aghalabu hujulikana kwa moyo bila ya kuonekana jukwaani. Njia ya pili ni Tamasha ya Kitaifa ya Maigizo, iliyoanza mwaka 1959. Huko kila msimu hudai mchezo mpya. Mswada huandikwa na mwalimu au mtunzi aliyealikwa, huigizwa kutoka ngazi za chini hadi ya taifa, kisha hutoweka, kwa kuwa michezo mingi ya tamasha haichapishwi. Njia ya kwanza hutoa maandishi yasiyo na jukwaa. Ya pili hutoa jukwaa lisiloacha maandishi. Shauku ya tamthilia mpya katika eneo hili imekua kati ya upungufu huo wa aina mbili. Hapana budi kulikumbuka jambo hili kila inapodaiwa kuwa wanafunzi husoma tamthilia kwa ajili ya mtihani tu. Mtu asomaye kwa ajili ya mtihani hangojei mchezo wa mwaka ujao.

Simulizi inapopanda jukwaani

Kisa cha Lwanda Magere hakihitaji kuelezwa katika uwanda wa Kano. Ni shujaa wa ukoo wa Sidho, mwenye mwili wa jiwe usiopenyeka mkuki. Maadui zake, wanaoitwa Lang'o katika simulizi na ambao kwa kawaida hutambuliwa kuwa Wanandi, wanashindwa kumwua vitani, wakamwozesha binti yao mrembo. Siku moja anaugua, na mke huyo anaambiwa achanje kivuli chake badala ya mwili. Anapochanja, damu inatoka. Siri inawafikia wazee wa kwao, kivuli kinachomwa mkuki, na shujaa anaanguka na kugeuka jiwe. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka mara moja Fumo Liyongo, aliyepata utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Mashujaa wote wawili wana udhaifu mmoja wa siri, na siri zote mbili zinatolewa na mtu wa nyumbani. Hata hivyo kuna tofauti yenye uzito. Anayemsaliti Liyongo ni mwanawe wa damu. Anayemsaliti Lwanda Magere ni mgeni aliyeolewa, na simulizi huacha fundisho kwamba mgeni haaminiki hata anapokuwa mke.

Fundisho hilo ndilo mzigo ambao mtunzi wa tamthilia hulazimika kuubeba. Mtambaji anaweza kumtaja bibi arusi kwa sentensi mbili na kuendelea na vita. Jukwaa halina nafasi hiyo. Mhusika aliyesimama mbele ya hadhira sharti aseme, na akishasema huwa na nia, hofu na hoja zake. Aliyekuwa chambo katika ngano huwa, katika tamthilia, binti aliyetolewa na wazee wake bila ya kuulizwa, na ambaye usaliti wake kwa mumewe ni uaminifu kwa baba yake. Fani yenyewe ya tamthilia inaitilia shaka hukumu ya simulizi. Kivuli nacho hubadilika. Katika utambaji ni neno. Jukwaani ni suala la taa na mahali pa kusimama, na hadhira huona wazi kwamba kilichochomwa si mwili.

Mwaka wa uchapishaji unaongeza uzito. Oktoba 1991, mapigano ya kikabila yalizuka katika shamba la Miteitei, Tinderet, yakaenea katika mpaka wa Wanandi na Waluo, mahali pale pale ambapo simulizi huviweka vita vya Lwanda Magere. Desemba mwaka huo huo Kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa na mfumo wa vyama vingi ukarudi. Si lazima kudai kwamba mtunzi alitabiri lolote. Inatosha kusema kwamba msomaji wa Ahero au Muhoroni aliyekifungua kitabu hicho mwaka 1992 hakuweza kukisoma kama habari ya kale. Alikuwa na njia mbili za kukifasiri. Angeweza kuona humo uthibitisho kwamba jirani ni adui wa tangu hapo. Angeweza pia kuona jinsi wazee wa pande mbili wanavyowatumia vijana na mabinti wao kama silaha. Ufasiri wa pili ni mgumu zaidi, lakini ndio unaoungwa mkono na umbo la tamthilia kama lilivyoelezwa hapo juu.

Mwenye kuruhusu na mwenye kukataza

Miaka 22 baadaye jina la Omtatah lilirudi katika historia ya tamthilia, mara hii mahakamani. Mwaka 2013 Shule ya Wasichana ya Butere, katika mji ulio mwisho wa tawi la reli litokalo Kisumu, iliigiza Shackles of Doom ya Cleophas Malala, mchezo uliozungumzia ugawaji wa mali na madaraka kwa misingi ya kikabila. Ulizuiwa kuingia tamasha ya taifa mjini Mombasa kwa madai kwamba ungechochea chuki. Omtatah alikwenda Mahakama Kuu, ambayo iliamuru mchezo huo uonyeshwe. Aprili 2025 mambo yakajirudia. Shule hiyo hiyo na mtunzi huyo huyo walikuwa na Echoes of War; ulizuiwa, mahakama ikaamuru uruhusiwe, lakini mjini Nakuru wasichana walikataa kuigiza chini ya ulinzi wa polisi na bila ya mtunzi wao. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka, na raia waliokuja kutazama wakatawanywa kwa gesi ya kutoa machozi.

Matukio haya yanaonyesha udhaifu wa jukwaa linalotegemea idhini ya Wizara ya Elimu. Mchezo usiochapishwa ukizuiwa, haubaki na pa kusomewa. Kitabu cha Lwanda Magere kiliweza kumngoja msomaji wake. Mswada wa tamasha hauwezi.

Nafasi ya Kiswahili

Katika historia hii Kiswahili kimeshika nafasi ya ajabu. Tamthilia zilizotajwa hapo juu, za Omtatah na Malala, ni za Kiingereza, na simulizi zenyewe ni za Kidholuo. Hata hivyo, vitabu teule vya Kiswahili ndivyo vilivyomzoesha msomaji wa ufuoni tamthilia ya kisiasa ya wakati wake: Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, kisha Kigogo ya Pauline Kea (2015). Msomaji wa Kisumu anayesoma jinsi soko la Chapakazi linavyofungwa na Majoka hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Februari 2021 makazi ya Wanubi huko Kibos yalibomolewa ili kupisha reli. Sagamoyo haikutajwa ilipo, na ndiyo sababu kila mji unaweza kuidai.

Hitimisho

Shauku ya tamthilia mpya katika ufuo wa Ziwa Victoria haikuletwa na majumba ya maigizo. Ilikuzwa na darasa, tamasha na simulizi ambazo msomaji alizijua kabla ya kujua kusoma. Mambo mawili yanafuata. Kwanza, idara za fasihi zilizo karibu na ziwa, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Maseno, zina wajibu wa kukusanya na kuhifadhi miswada ya tamasha kabla haijapotea, hasa ile iliyokataliwa. Pili, simulizi za Simbi Nyaima, Nyamgondho na Lwanda Magere bado hazijapata katika tamthilia ya Kiswahili nafasi inayolingana na ile ya Liyongo katika utenzi. Katika Kiswahili, lugha ambayo Mluo na Mnandi hukutana sokoni bila ya mmoja wao kuwa mgeni, binti aliyeozwa kwa adui angeweza kusikilizwa na pande zote mbili.