Mkanda wa trafiki, mtoto wa mapajani

Barabara ya kutoka Tanga mjini kwenda Segera ina mchezo wake. Dereva anaondoka Kange mkanda unaning'inia pembeni. Akikaribia Muheza, gari linalokuja mbele linampigia taa. Hapo hapo anauvuta mkanda, anauchomeka, na kumwambia abiria aliyekaa naye mbele, "Funga kaka, wazee wapo." Trafiki wakishapitwa, mkanda unarudi ulikotoka. Nyuma hakuna anayeambiwa kitu, na huko nyuma ndiko mama zetu wamekaa na watoto mapajani.

Mimi ni kijana wa Usagara, hapa hapa Tanga, na sijui nimepita njia hii mara ngapi. Mwezi uliopita nilimuuliza dereva mmoja kwa nini mikanda ya nyuma imefukiwa chini ya makava ya viti. Akacheka. "Kaka, trafiki haangalii nyuma." Jibu hilo lilinifanya nianze kusoma. Nilitaka kujua mkanda huu ulitoka wapi, na kwa nini kwetu umeishia kiti cha mbele.

Tuanze Sweden. Mikanda ya kiunoni ilikuwepo hata kabla, lakini ilikuwa na kasoro kubwa: gari likigonga, mwili wa juu unarushwa mbele na mkanda unakandamiza tumbo. Mwaka 1958 kampuni ya Volvo ilimwajiri injinia Nils Bohlin, aliyekuwa akibuni viti vya kumrusha rubani nje ya ndege huko Saab. Bohlin akatengeneza mkanda wenye ncha tatu, mmoja kupita begani na mmoja nyongani, unaofungwa kwa mkono mmoja. Gari la kwanza lenye mkanda huo lilikabidhiwa kwa muuzaji katika mji wa Kristianstad tarehe 13 Agosti 1959. Volvo wakaruhusu kampuni nyingine zitumie ubunifu ule bure. Ndiyo maana leo uwe kwenye Benzi au kwenye Noah iliyochoka, mkanda ni ule ule.

Lakini mkanda kuwepo na mkanda kufungwa ni mambo mawili. Watu hawakuutaka, na ilibidi sheria iingie. Jimbo la Victoria huko Australia lilikuwa la kwanza kulazimisha, Desemba 1970. Uingereza walibishana miaka mingi bungeni, wengine wakidai serikali inaingilia uhuru wa mtu ndani ya gari lake, mpaka tarehe 31 Januari 1983 mkanda ulipokuwa lazima kwa walioko mbele.

Sasa msomaji wangu angalia kilichofuata. Waingereza hawakuishia hapo. Mwaka 1989 waliwabana watoto wa viti vya nyuma, na mwaka 1991 wakafuata watu wazima wa nyuma. Japani, ambako magari yetu mengi yanatoka, walianza na viti vya mbele mwaka 1985, wakalazimisha kiti cha mtoto kwa walio chini ya miaka sita kuanzia Aprili 2000, kisha Juni 2008 wakawafikia watu wazima wa nyuma. Nchi mbili tofauti, mpangilio mmoja: mbele kwanza, halafu watoto, halafu wakubwa wa nyuma. Kila mahali mtoto alipewa nafasi kabla ya mtu mzima aliyekaa naye.

Kiti cha mtoto nacho kina historia yake. Viti vya kwanza, vile vya miaka ya 1930, vilikuwa vya kumwinua tu mtoto ili aonekane na atulie. Usalama ulikuja miaka ya 1960. Daktari mmoja wa Sweden, Bertil Aldman, aliona kwenye televisheni jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali ili mgongo ubebe nguvu yote ya roketi. Akajiuliza, kwa nini mtoto asikae hivyo? Mwaka 1964 akajaribu kiti kinachotazama nyuma ya gari. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo yake ni laini. Akitazama nyuma, kiti kizima kinampokea.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha Tennessee, Marekani. Jimbo hilo lilipitisha sheria ya kwanza ya Marekani ya viti vya watoto mwaka 1977, ikaanza kazi Januari 1978, baada ya daktari wa watoto, Robert Sanders, kuipigania kwa muda mrefu. Lakini wabunge walichomekea kifungu kimoja: mtoto anaweza pia kupakatwa na mtu mzima. Kinaonekana kifungu cha huruma, sivyo? Waliokipinga walikiita kifungu cha kuponda watoto. Kilifutwa mwaka 1981.

Kwa nini kuponda? Piga hesabu. Gari lina mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mjini tu, likasimamishwa ghafla ndani ya nusu mita. Mtoto wa kilo 10 atakuvuta kana kwamba ana kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi. Hakuna mama duniani, hata awe na mapenzi kiasi gani, anayeweza kuyashika kwa mikono. Na kama yeye mwenyewe hajafunga mkanda, anamfuata mtoto kwa nyuma na uzito wake wote. Kumfunga mtoto pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja nako ni hatari ile ile, wewe ndiye utakayembana.

Kuna jaribio moja jirani kabisa na sisi. Ukivuka Horohoro ukaingia Lunga Lunga, uko kwenye nchi ya matatu. Tarehe 1 Februari 2004 waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, alianza kutekeleza kanuni zilizotangazwa mwaka 2003: kila matatu iwe na mkanda kwa kila abiria na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Siku za mwanzo magari mengi yalitoweka barabarani na watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Walilalamika mikanda ni michafu, inachafua mashati. Lakini waliifunga. Halafu usimamizi ukalegea, mikanda ikakatika bila kubadilishwa, na Novemba 2018 serikali ikalazimika kuanzisha msako upya kwa kanuni zile zile. Kumbe kinachomwogopa askari tu huondoka na askari.

Turudi nyumbani. Tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 iliiweka Tanzania kwenye kundi la nchi ambazo sheria ya mkanda haiwagusi abiria wa nyuma, na ambazo hazina sheria ya kiti cha mtoto. Wanaharakati, wakiwemo wanasheria wanawake wa TAWLA, wamekuwa wakidai irekebishwe. Yaani tulipanda ngazi ya kwanza tukaketi hapo.

Na sisi ndio watu wa kusafiri familia nzima kwenye gari moja, kwa harusi au kwa msiba. Februari 3, 2023, pale Magila Gereza wilayani Korogwe, Coaster iliyokuwa ikisafirisha msiba kutoka Dar kwenda Moshi iligongana na Fuso. Taarifa ya kwanza ilitaja waliofariki 17. Sisemi mkanda ungewaokoa, kuna ajali ambazo mkanda hauziwezi. Shirika lile lile linasema mkanda hupunguza uwezekano wa kufa kwa walioko mbele kwa asilimia 45 hadi 50, na kiti cha mtoto kwa angalau asilimia 60. Hiyo si kinga kamili. Ila nani kati yetu angeikataa dawa ya namna hiyo hospitalini?

Kwa hiyo tusisubiri Dodoma. Ukifika nyumbani leo, toa makava, ichimbue mikanda ya nyuma. Mkanda wa juu upite katikati ya bega, usiupitishe chini ya kwapa. Wa chini ukae kwenye mifupa ya nyonga. Mjamzito aupitishe chini ya tumbo. Mtoto akae nyuma. Mchanga awe kwenye kiti kinachotazama nyuma, na kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Aliyekua kidogo apewe kiti cha kumwinua mpaka mkanda umkae begani badala ya shingoni. Ukinunua kiti cha mtumba, kikague kama kina ufa au mikanda iliyochanika, na ukisikia kimewahi kupata ajali kiache.

Bei ni kweli inauma. Lakini wengi wetu tunaweka redio mpya na rimu za kung'aa kwenye gari kabla ya kiti cha mtoto. Hapo sheria haina kosa, ni sisi.

Haya ndugu zangu, safari njema. Na ukipita Muheza, ukishawapita wazee, uache mkanda hapo hapo ulipo.