Konokono wa Paisley na Haki ya Mlaji

Jioni ya Jumapili, 26 Agosti 1928, May Donoghue, mfanyakazi wa duka kutoka Glasgow, aliketi na rafiki yake katika mkahawa wa Wellmeadow, mjini Paisley, Uskoti. Rafiki ndiye aliyeagiza na kulipa. Donoghue aliletewa aiskrimu na soda ya tangawizi, chupa yake nyeusi, isiyoonyesha kilichomo. Alikwisha kunywa kiasi pale rafiki alipommiminia iliyobaki na, kwa maelezo yake, akatoka konokono aliyeoza. Tumbo likamsumbua hadi akatibiwa hospitalini.

Angemdai nani? Mwenye mkahawa alipokea chupa ikiwa imefungwa, na mnunuzi wake alikuwa rafiki. Kati ya Donoghue na David Stevenson, mtengenezaji wa soda, hapakuwa na mkataba wowote, na sheria ya enzi hizo iliutazama mkataba kwanza.

Msimamo huo ulikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1842, katika shauri la Winterbottom dhidi ya Wright, dereva wa gari la farasi la kubeba barua aliumia gari lilipoharibika njiani. Mwenye jukumu la kulitunza alikuwa ameahidiana na mkuu wa posta, si na dereva, basi dereva akaondoka mikono mitupu. Majaji walihofia kwamba wakimfungulia mlango yeye, madai yasingekuwa na mwisho. Ni hukumu iliyomwacha kilema bila fidia kwa sababu tu hakutia saini karatasi ya watu wengine.

Wakili wa Donoghue, Walter Leechman, alijua anachokabili. Machi 1929 mahakama ya Uskoti ilikuwa imewakatalia wateja wake waliodai kukuta panya ndani ya soda ya tangawizi ya kampuni nyingine. Wiki chache baadaye akafungua shauri hili kwa hoja ileile, akidai paundi 500. Ujasiri huo unastahili sifa kuliko unavyopewa. Mahakama ya Uskoti ilimkatalia naye. Ili rufaa isikilizwe na Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya rufaa wakati huo, Donoghue aliomba kutambuliwa kuwa fukara, akiapa kwamba mali yake yote haifiki paundi 5.

Hukumu ilitolewa 26 Mei 1932: majaji watatu upande wake, wawili wakipinga. Lord Atkin alikumbuka swali aliloulizwa Yesu, jirani yangu ni nani, akalipa jibu la kisheria. Jirani ni yule ambaye mtu mwenye busara, kabla ya kutenda au kuacha kutenda, angetambua kuwa anaweza kuathirika moja kwa moja. Huyo ndiye wa kuchukuliwa tahadhari, mkataba uwepo au usiwepo. Lord Buckmaster alikataa katakata, kwa hofu ileile ya 1842.

Tangu hapo, anayedai fidia ya uzembe huthibitisha kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, kwamba aliukiuka, na kwamba madhara yalitokana na ukiukaji huo. Kuumia peke yake hakutoshi.

Konokono mwenyewe hakuthibitishwa kamwe. Malodi waliamua hoja ya sheria tu. Stevenson akafariki mwaka huohuo wa 1932, na shauri likamalizwa kwa maelewano.

Msingi huo umefika Afrika Mashariki kupitia sheria za Kiingereza zilizopokelewa wakati wa ukoloni: Kenya tarehe yake ya mapokezi ni 12 Agosti 1897, Tanganyika 22 Julai 1920. Mahakama za Nairobi na Dar es Salaam huutumia katika madai ya ajali za barabarani na uzembe wa hospitali. Kenya imekwenda mbali zaidi: ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya kufidiwa kwa madhara ya bidhaa yenye kasoro. Haki hiyo inahitaji ushahidi. Aliyedhurika aitunze bidhaa yenyewe, risiti na cheti cha daktari, kisha amwone wakili mapema, kwa kuwa madai haya yana ukomo wa muda.