Wazee wa Mji wa Shaba na Simu ya Mkononi

Mtu akizeeka hutamani kumaliza siku zake katika nyumba aliyoizoea. Tutazame, wasomaji wapenzi, tamaa hiyo ilivyopata njia katika nchi ya shaba.

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Kwanza iliandika watu kwa miezi michache, kisha wakarudi kwao. Katika miaka ya 1920 ikageuza desturi: mfanyakazi akaja na mke na watoto, akapewa nyumba na posho, na jamaa yake wakapata shule na hospitali. Kolwezi, mji uliozaliwa mwaka 1937, ulifuata njia hiyo. Lakini nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, mzee alitazamiwa kurudi kijijini, hata kama watoto wake hawakukijua.

Mwaka 1967 migodi ikawa mali ya Serikali. Ndiyo iliyoitwa baadaye Gécamines. Miaka ya 1990 ilikuwa ya shida, na mishahara ilichelewa sana. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Posho ilikuwa imekwisha. Mzee akabaki kuwategemea watoto, nao wametawanyika mbali.

Hapo simu ya mkononi ikaleta msaada. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, iliingia Kongo mwaka 2012. Fedha ya unga na dawa, ambayo zamani ilingoja msafiri mwaminifu, sasa hufika siku ile ile. Ila mzee asiyeona vizuri humpa mtu mwingine namba yake ya siri, na hapo uaminifu hujaribiwa tena.

Huko Marekani, mwaka 1974, Bwana Andrew Dibner alianzisha Lifeline: mzee anavaa kitufe, akianguka anakibonyeza, na simu inaita hospitalini. Lakini hata huko hospitali ilimpigia jirani aende kumwinua. Kitufe hakina mikono.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto aliye mbali atume fedha, tena apige simu. Nasi tulio karibu tubishe hodi. Kampuni iliyotoa nyumba ilikwisha kuondoka. Jirani yupo bado.